Mwanafunzi si Mtoto

Neno mwanafunzi likitajwa katika mitaa yetu ya Eastlands, picha inayotujia akilini ni moja: mtoto aliyevaa sare, mkoba mgongoni, akielekea shule Eastleigh, Buruburu au Kayole. Siku za mapumziko mtoto huyo huyo huonekana amevaa kanzu, juzuu mkononi, akienda madrasa. Mzazi wake hatumwiti mwanafunzi. Na mzazi huyo, akiletewa kitabu cha kazi ya nyumbani akitazame, mara nyingi hujitetea kwa maneno mawili tu: "Mimi sikusoma."

Maneno hayo twayasikia kwa mama anayeuza nguo Gikomba, anayekumbuka madeni ya wateja wake wote bila ya daftari. Twayasikia kwa fundi wa bati wa Kamukunji, anayekata duara kamili kwa makadirio ya jicho. Twayasikia hata kwa mfanyabiashara wa Eastleigh aliyekwenda Istanbul mara nyingi kuleta mzigo, naye anapatana bei kwa Kituruki alichookota sokoni. Watu hawa wamejifunza mengi, wala hawajaacha kujifunza. Basi ni nini kinachowanyima jina la mwanafunzi?

Wapenzi wasomaji, wiki hii tumeona tulitazame swali hilo kwa kulinganisha lugha tatu. Kiingereza tumekichagua kwa kuwa ndicho lugha ya shule zetu. Kituruki tumekichagua kwa kuwa kimekwisha kubisha hodi majumbani mwetu: kwa nguo na mazulia ya madukani, kwa tamthilia zilizotiwa sauti za Kiswahili, na kwa vijana wetu wanaoomba ufadhili wa masomo wa serikali ya Uturuki. Kiswahili ni chetu, na huenda ndicho tusichokitazama vya kutosha.

Mfuata nyayo

Kiingereza kina majina mengi ya anayejifunza, na kila jina lina tabia yake. "Pupil" limetoka katika Kilatini, na asili yake ni mtoto yatima aliye chini ya mlezi. "Student" nalo limetoka katika Kilatini, katika kitendo chenye maana ya kuwa na shauku na bidii. "Scholar" linarudi kwa Wayunani, ambao neno lao la asili lilimaanisha faragha, yaani wakati ambao mtu hana kazi ya kumshughulisha. Ni jina la kupendeza, ila lawafaa waliojaaliwa faragha hiyo.

"Learner" ni jina pana kuliko yote. Linatokana na "learn", neno la Kiingereza cha kale ambalo wajuzi wa asili za maneno huliunganisha na shina lenye maana ya kufuata nyayo au njia. Learner basi ni mfuata nyayo, na jina hilo halisemi lolote kuhusu umri wala darasa. Nyaraka za Kiingereza za Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, humwita hivyo mtoto wa shule. Lakini barabarani twaliona kwa sura nyingine: mtu wa miaka hamsini anayejifunza kuendesha gari hubandikiwa herufi L nyekundu mbele na nyuma. Matatu humpigia honi, naam, ila hakuna anayeshangaa kwamba mtu mzima anajifunza.

Mwenye akili na mwenye kutafuta

Waturuki husema "öğrenmek" kwa maana ya kujifunza na "öğretmek" kwa maana ya kufundisha. Herufi moja tu ndiyo inayoyatenga maneno hayo mawili, na shina lake huunganishwa na neno la kale lenye maana ya akili. Kwa hiyo anayefundisha na anayejifunza hufanya kazi katika shamba moja, nalo ni akili. Kiingereza hakina undugu huo, kwa sababu "teach" na "learn" hazikuzaliwa nyumba moja.

Hapo zamani mwanafunzi wa Kituruki aliitwa "talebe" na mwalimu wake "muallim", maneno yaliyotoka katika Kiarabu. Baada ya Shirika la Lugha la Uturuki kuundwa mwaka 1932, maneno mengi ya asili ya Kiarabu na Kiajemi yalitafutiwa badala. Talebe ikampisha "öğrenci", na muallim ikampisha "öğretmen". Hata hivyo talebe halikufa, bado husikika kwa wazee na katika mazingira ya dini. Maana yake ya asili ni mwenye kutafuta. Ndilo shina la jina Twalib ambalo watu wa Pwani wamewapa watoto wao kwa vizazi, na ndilo shina la neno letu matilaba. Talebe, basi, ni mtu mwenye jambo analolitaka, wala hakuna anayeuliza umri wa mtafutaji.

Kijana wa Eastleigh akifanikiwa kupata ufadhili wa kwenda Uturuki, naye hajui lugha, kwa kawaida hutumia mwaka mzima wa kwanza kujifunza Kituruki kabla ya kuingia katika somo lake. Aliondoka nyumbani na vyeti vizuri, na sasa anatamka majina ya matunda na siku za juma kama mtoto mdogo. Anayeona aibu kukosea huchelewa kuzungumza. Anayekubali kuwa talebe, mwenye kutafuta, hupiga hatua.

Kuna jambo moja ambalo Mturuki na Mswahili wanafanana mno. "Okumak" kwa Kituruki ni kusoma maandishi, na pia ni kuwa masomoni, kama tunavyosema kwamba fulani anasoma chuo kikuu. Aliyeelimika huitwa "okumuş", yaani aliyesoma. Lugha hizi mbili zimeufunga ujuzi kwenye kitabu, na hapo ndipo panapozaliwa ile kauli ya "mimi sikusoma". Kitabu kina heshima yake, na sisi Waislamu twajua kwamba Wahyi wa kwanza ulikuwa amri ya kusoma. Lakini kusoma ni mlango mmojawapo wa kujifunza. Mwenye kukosa mlango huo hajakosa nyumba nzima.

Jina letu wenyewe

Sasa tujirudie. Wengi hudhani kwamba mwanafunzi ni jina la mtoto kwa sababu linaanza na mwana. Hebu tuyatazame maneno mengine. Mwanasheria si mtoto wa sheria, mwanamaji si mtoto wa maji, na mwanachama si mtoto wa chama. Katika maneno hayo yote mwana ni mtu aliyejiunga na jambo na kuwa wake. Mwanafunzi naye ni mtu aliyejiunga na mafunzo. Sikio letu ndilo linalomsikia mtoto mahali ambapo neno lenyewe halikumlazimisha.

Tena shina la funza ndilo lililotupa fundi. Mwanafunzi na fundi ni ndugu wa tumbo moja, na aliyewatenganisha ni sisi tuliomweka mmoja darasani na mwingine juani. Na neno tunalolitukuza kuliko yote, mtaalamu, limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya mwenye kujifunza. Yaani bingwa tunayemwendea kwa ushauri, kwa asili ya jina lake, ni mwanafunzi.

Kitendo chenyewe kina siri. Kujifunza ni kujifanyia jambo: mtu anajifunza nafsi yake. Ndiyo sababu Kiswahili hakikubali kulitumia neno hilo kwa habari. Msiba ukitokea, Mwingereza aweza kusema "learn" na Mturuki "öğrenmek" kwa maana ya kupata habari ya msiba huo. Mswahili husema amepata habari au ameambiwa. Anayesema "tumejifunza kwa masikitiko kuhusu kifo" ametafsiri Kiingereza. Kwetu habari humfika mtu hata akiwa amelala, ilhali kujifunza hakumfiki mpaka ajishughulishe. Katika zama hizi za simu, ambapo mtu hupokea ujumbe mia moja kwa siku na kuamini kwamba ameelimika, tofauti hiyo ni hazina.

Mzee wa Kariobangi

Kenya ilimpata mtu aliyeishi maana hiyo ya mwanafunzi mbele ya macho ya dunia nzima. Mwaka 2003 serikali iliondoa karo katika shule za msingi za umma. Mwaka uliofuata Mzee Kimani Maruge, aliyekuwa na umri wa miaka 84 kwa hesabu yake, alijiandikisha darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret. Alivaa sare na soksi ndefu kama wenzake. Alitaka kujua kuhesabu, na kukisoma kitabu cha dini yake mwenyewe bila ya kusomewa. Mwaka 2005 alisafiri hadi New York kuzungumza juu ya elimu ya msingi ya bure.

Ghasia za baada ya uchaguzi wa mwaka 2007 zilimng'oa kwake. Alifikia makao ya wazee Nairobi, na mwaka 2008 akaendelea na darasa la sita katika shule ya msingi ya Marura, Kariobangi, katika mitaa hii hii ya Eastlands. Alifariki Agosti 2009 akiwa bado mwanafunzi. Hakumaliza shule, lakini jina hilo lilikuwa lake.

Masanduku ya Kamukunji

Masanduku ya bati ambayo watoto wetu huenda nayo shule za bweni, mengi yametengenezwa Kamukunji. Nyuma ya kila sanduku yupo kijana aliyeanza kwa kushika bati, kisha kunyoosha, kisha kukata, kisha kuunga, huku akitazama mkono wa fundi wake. Anamtengenezea mwanafunzi sanduku, ilhali yeye mwenyewe haitwi mwanafunzi.

Waturuki wana majina ya ngazi hizo: çırak ni anayeanza, kalfa ni aliyepevuka, na usta ni bingwa. Usta na ustadhi wetu ni neno moja kwa asili. Sheria ya Uturuki ya mwaka 1986, namba 3308, inazitambua ngazi hizo, na kalfa na usta hupewa vyeti. Sisi tuna neno mwanagenzi, na njia za kumtambua zipo pia. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hutoa majaribio ya ufundi ya madaraja matatu, kuanzia la tatu hadi la kwanza. Vilevile sheria ya mwaka 2014 iliunda mamlaka ya kusimamia mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu, na ujuzi uliopatikana nje ya darasa una nafasi katika mfumo huo. Fundi anayejihesabu kuwa hakusoma hatauliza juu ya njia hizo. Anayejihesabu kuwa mwanafunzi atauliza, na wahenga walisema kuuliza si ujinga.

Tuanzie nyumbani

Mabadiliko haya hayangoji bajeti. Mtoto akileta kazi ya nyumbani, mzazi asiyejua somo asimfukuze. Amwambie, "Nifundishe ulichofundishwa leo." Mtoto anayemfundisha mamake hulielewa somo mara mbili, na mama hupata darasa lisilo na karo. Mzee asiyejua kusoma Qur'ani asikae nyuma ya safu kwa haya, bali wenye madrasa wamtengee saa yake pasipo macho ya watoto, mpaka ulimi wake ulainike. Na kijana wa gereji au wa bati akija nyumbani na mikono myeusi, aulizwe kama anavyoulizwa ndugu yake wa shule: "Leo umejifunza nini?"

Na sisi wazazi, ulimi ukitaka kusema "mimi sikusoma", tuuzoeze kusema "mimi ninajifunza". Kauli ya kwanza hufunga mlango mbele ya watoto wanaotusikiliza. Ya pili huuacha wazi, kwao na kwetu. Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, wadogo kwa wakubwa.