Je, Wajua? Bonde la Mpunga na Miwa Lililokosa Sabuni na Sukari

Je, wajua kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1980 mkulima wa Ifakara, katika bonde la Kilombero mkoani Morogoro, aliweza kuwa na mpunga wa kumfikisha msimu mwingine, na bado nguo za wanawe zikafuliwa kwa majani ya mpapai? Chakula alikuwa nacho. Kilichoadimika ni sabuni, na pamoja nayo sukari, mafuta ya taa, khanga, viberiti, betri za redio, jembe, hata mpira wa baiskeli.

Uhaba huo uliikumba Tanzania nzima, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1980. Hata hivyo, bonde la Kilombero lastahili kutazamwa kwa jicho la pekee. Lina mpunga, lina miwa, lina bwawa la umeme, na reli ya TAZARA inapita humo. Ukitaka kujua kwa nini watu hukosa vitu mahali palipojaliwa namna hii, njoo hapa.

Tuanze na sukari, maana ndiyo inayouma zaidi. Kiwanda cha Kilombero kule Kidatu kilianza kuzalisha mwaka 1962, na cha pili, Ruembe, kikaongezwa mwaka 1976. Lakini mkazi wa Kiberege au Mang'ula, aliye mwendo wa baiskeli tu kutoka mashamba ya miwa, hakuweza kwenda kununua kilo mbili kiwandani. Tangu mwaka 1974 sukari ilikuwa mikononi mwa shirika la umma la SUDECO. Iligawiwa mikoa, ikashuka kwa kampuni ya biashara ya mkoa, ile iliyojulikana kwa watu wote kama RTC, kisha wilayani, kisha duka la kijiji. Kila kituo kilikuwa na karatasi yake na mtu wa kuitia sahihi, na kila mtu wa kutia sahihi alikuwa na ndugu na jamaa. Sukari iliyotoka Kidatu ilizunguka safari hiyo yote kabla ya kumrudia mtu anayeishi jirani na Kidatu, na wakati mwingine haikurudi. Wenye miwa uani waliikamua na kutia maji yake kwenye chai.

Na umeme? Bwawa la Kidatu kwenye Mto Ruaha Mkuu lilianza kufua umeme mwaka 1975, na lilipokamilika mwaka 1980 uwezo wake ulifika megawati 204. Nyaya zilielekea Morogoro na Dar es Salaam. Vijiji vya bondeni viliendelea na koroboi, na koroboi lenyewe linataka mafuta ya taa, ambayo nayo yalikuwa ya kupimiwa. Watoto waliodurusu usiku wanaikumbuka vizuri ile hesabu ya mama ya kuzima taa mapema ili yabaki ya kesho.

Je, wajua bidhaa zilikuwa na bei halali iliyochapishwa, tena nafuu? Tume ya Bei iliundwa mwaka 1973, ikapanga bei za vitu vingi vya matumizi ya kila siku. Nia ilikuwa njema, kumlinda mnyonge asinyonywe na mwenye duka. Shida ni kwamba bei ilikaa pale pale wakati kiwanda kinakosa fedha za kigeni za kununulia malighafi na vipuri. Bidhaa zikapungua, bei ya kwenye karatasi ikabaki ndogo, na nafasi kati ya bei hiyo na ile ambayo mtu yuko tayari kulipa ikageuka shamba la walanguzi. Sabuni ilikuwa rahisi dukani, ila dukani haikuwepo. Ilikuwapo uvunguni mwa kitanda cha mtu, kwa bei nyingine kabisa.

Mwaka 1976 mambo mawili yalitokea kwa pamoja, nami naamini ndiyo yaliyowaumiza wakulima wa Kilombero kuliko mengine. Kwanza, vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na mkulima akaachwa na Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, kama mnunuzi halali wa mpunga wake, kwa bei moja nchi nzima. Pili, ikaja Operesheni Maduka, iliyotaka maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe na nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika. Agizo hilo lilirudishwa nyuma baadaye uhaba ulipozidi, lakini wenye maduka wengi walikuwa wameshafunga virago. Yule mfanyabiashara mdogo aliyejua njia za vumbi za bondeni, aliyejua lini mto unajaa na lini pantoni ya Kivukoni inapita, hakuwa rahisi kupata mbadala. Duka la kijiji lilisubiri lori la RTC, na lori lilisubiri dizeli.

Hapo ndipo balozi wa nyumba kumi alipopata uzito mpya. Ndiye aliyejua kaya fulani ina watu wangapi, na neno lake liliweza kuamua nani apate kipande cha sabuni au doti ya khanga mzigo ukifika. Harusi ilihitaji kuombewa sukari. Hata msiba ulikuwa na foleni yake, kwa kuwa sanda ni kitambaa, na kitambaa kilikuwa adimu. Watu walioishi wakati huo hulisimulia hili la sanda kwa sauti ya chini hadi leo, na wana haki. Kumzika mtu kwa heshima ni jambo ambalo jamii zetu haziliwekei mjadala.

Kisha ikaja vita. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Kagera mwishoni mwa mwaka 1978, na Kampala ikaanguka Aprili 1979. Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ilipita, mikanda ikabaki imefungwa. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda tena mwaka 1979, kahawa na katani havikuleta fedha kama zamani, na viwanda vya nguo na sabuni vilifanya kazi chini kabisa ya uwezo wake. Magari ya binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili baada ya saa 8 mchana. Miguuni watu walivaa katambuga za matairi ya magari. Unga wa mahindi ya njano ulioletwa kama msaada kutoka Marekani uliitwa unga wa yanga, kwa rangi ya jezi za timu ya Yanga, na mashabiki wa mahasimu wao Simba waliula vilevile.

Kilombero haikuhitaji sana unga wa yanga. Mpunga ulikuwepo. Ndiyo maana bonde hili linatuonyesha kitu ambacho Umoja wa Kisovyeti, uliojulikana kwa foleni zake, haukutuonyesha: uhaba wa bidhaa kwa mtu mwenye chakula tele.

Je, wajua kuhusu treni za soseji? Katika Umoja wa Kisovyeti wa miaka ya 1970 na 1980, watu wa miji midogo walipanda treni asubuhi kwenda Moscow kununua nyama, soseji na siagi, wakarudi jioni na mifuko iliyojaa. Mji mkuu ulipewa mgawo mzuri zaidi kuliko mikoa, hata ile iliyofuga ng'ombe na kutengeneza soseji hizo. Mkate ulikuwa rahisi na mtu alikuwa na mshahara mfukoni. Kilichompotea ni saa zake, zilizoishia kwenye foleni.

TAZARA, reli ya bonde letu, ilifanya kazi inayofanana na ya treni hizo, ila kwa kinyume chake. Chakula kilitoka bondeni kwenda mjini, na sabuni, khanga na chumvi vilirudi bondeni. Abiria wa Mlimba, Chita au Ifakara alipanda na mchele wake, akashuka Dar es Salaam, akauza au akabadilishana, akarudi na alichokosa nyumbani. Kisheria alikuwa na mpaka, maana mtu hakuruhusiwa kusafirisha nafaka zaidi ya kilo 30 bila kibali, na vizuizi barabarani vilikuwapo kuhakikisha hivyo. Kwa hiyo mchele wa Kilombero uliingia mjini kwa mafungu madogo madogo, kwenye vikapu na viroba, chini ya viti vya behewa. Wakubwa wa mipango waliuita ulanguzi. Mama aliyekuwa akitafuta daftari na sabuni za wanawe hakuwa mlanguzi, na historia ya uchumi wetu inapaswa kumtaja kwa heshima, kwa kuwa yeye na wenzake ndio waliowalisha wafanyakazi wa mjini wakati ghala za NMC zilipokuwa tupu.

Reli yenyewe ina kisa kinachohusu bidhaa tangu ilipozaliwa. China ilitoa mkopo usio na riba, lakini mishahara ya vibarua wa Kitanzania na gharama nyingine za hapa nchini zilihitaji shilingi. Ilikubaliwa kwamba Tanzania na Zambia zichukue bidhaa za Kichina kwa mkopo, ziziuze kwa wananchi, na fedha za mauzo zilipie gharama hizo. Hapa kwetu mzigo huo ulipitia Shirika la Biashara la Taifa, STC, lililovunjwa baadaye na kuzaa zile RTC za mikoa. Kwa maneno mengine, aliyenunua bidhaa ya Kichina dukani mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa akichangia ujenzi wa reli. Kipande cha kutoka Dar es Salaam hadi Mlimba, kilomita 502, kilikamilika Novemba 1971. Kilichofuata, Mlimba hadi Makambako, kilikuwa kilomita 157 tu, lakini kilidai mahandaki 18 na madaraja 46. Mang'ula ikawa kambi kubwa yenye karakana zake. Vijiji vya bondeni navyo vilisogezwa kando ya reli wakati wa operesheni za vijiji vya ujamaa za miaka hiyo, na watu walioacha mashamba ya mababu wakajikuta, bila kupenda, jirani na stesheni. Stesheni hizo ndizo zilizowaokoa baadaye.

Machi 1983 serikali iliwageukia wenye kuficha bidhaa. Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi, mamia ya watu wakakamatwa, na sheria maalumu ikaundwa ambayo haikumpa mshtakiwa dhamana wala wakili. Nchi nzima kulikuwa na simulizi za magunia ya sukari na majora ya vitambaa yaliyotupwa porini na mitoni usiku, wenyewe wakihofia kukutwa navyo. Wananchi wengi walimpenda Sokoine kwa moyo wote, kwa kuwa waliona hatimaye kuna mtu anayeiona foleni yao. Nami siwezi kuyabeza mapenzi hayo. Hata hivyo kukamata aliyeficha sabuni hakukuongeza sabuni kiwandani. Mwaka uliofuata sheria hiyo ilifutwa, ikawekwa nyingine, na mawakili wakaruhusiwa. Sokoine hakupata nafasi ya kuyaona yaliyofuata. Alifariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984 huko Dakawa, mkoa huu huu wa Morogoro, akirejea kutoka Dodoma.

Mabadiliko yaliyoijaza tena rafu yalikuja kwa maneno makavu ya bajeti. Juni 1984 Waziri wa Fedha Cleopa Msuya aliruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa, bila kuulizwa sana alizipata wapi. Mwaka huo huo mpaka wa kusafirisha nafaka ulipandishwa kutoka kilo 30 hadi kilo 500, na mwaka 1987 ukaondolewa kabisa. Vyama vya ushirika vilirudi. Novemba 1985 Ali Hassan Mwinyi akashika urais, na watu wakampa jina la Mzee Ruksa. Nguo za mitumba, enzi hizo zikiitwa kafa ulaya, zikaanza kuonekana minadani. Bei zilikuwa juu, na ambaye hakuwa na fedha alizitazama tu. Lakini vitu vilionekana.

Sukari haijaacha kutukumbusha enzi hizo. Mwanzoni mwa mwaka 2024, mvua za El Niño zilipojaza maji mashamba ya miwa na kusimamisha uvunaji, kilo moja ilifika shilingi 4,000 na zaidi katika maeneo mengi, na serikali ikatangaza tena bei elekezi.

La mwisho ni la chandarua, na nimelihifadhi kwa kuwa linahusu uhai wa watoto. Bonde la Kilombero lina mbu wengi kupita kiasi. Msimu wa mpunga familia huhamia mashambani, hulala kwenye madungu na vibanda vya nyasi karibu na maji, na malaria huwafuata huko. Ifakara ilikuwa na maabara ya utafiti tangu mwaka 1957, iliyoanzishwa na Mswisi Rudolf Geigy, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Mwaka 1997 watafiti wake walianza mradi wa kuuza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, kwa jina la Zuia Mbu. Swali lao la kwanza lilikuwa namna ya kukifikisha chandarua hadi kijiji cha mwisho kwa bei ambayo mkulima anaimudu, kipatikane mwaka mzima na si siku lori linapofika. Waliwapa kazi ya kuuza wenye maduka, wahudumu wa afya, viongozi wa dini na viongozi wa vijiji. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001: kwa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne, kutumia vyandarua hivyo kuliendana na ongezeko la asilimia 27 la uwezekano wa kubaki hai.