MADAI YA BIMA YA AFYA: SABABU ZA KUKATALIWA NA WAJIBU WA CHAMA



Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa Sheria ya mwaka 1999, ukaanza kazi mwaka 2001. Hapo awali ulikuwa wa watumishi wa Serikali. Baadaye uliwafikia wananchi wengine, hata ukaanzisha mpango wa Ushirika Afya kwa wanachama wa vyama vya mazao. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inawagusa wananchi wote. Yafaa basi ieleweke jinsi fedha zitokavyo katika Mfuko hadi kufika zahanati.

Mwenye kadi hutibiwa kwanza, kisha zahanati hupeleka madai. Mfuko huyakagua, na kipengele chenye kasoro hukatwa. Zahanati isipolipwa hukosa fedha za kununulia dawa. Anayeumia ni mkulima wa Mtendeli: kadi anayo, lakini huambiwa dawa zimekwisha.

Kasoro zitokeazo mara nyingi ni nne.

Kwanza, namba ya ugonjwa. Shirika la Afya Duniani limeupa kila ugonjwa alama yake ya herufi na tarakimu. Tuseme mgonjwa amepimwa, vimelea vya malaria vya aina ya falciparum vikaonekana, akapewa dawa mseto. Mwandishi akiandika R50.9, maana yake ni homa isiyotajwa chanzo. Mkaguzi ataona dawa ya malaria iliyotolewa pasipo malaria, naye ataikata. Alama iliyofaa ni B50.9.

Pili, dawa kutolingana na ugonjwa au na ngazi ya kituo. Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu hutenga dawa za zahanati, za kituo cha afya na za hospitali. Anayehitaji dawa ya ngazi ya juu hupewa rufaa yenye maandishi kamili.

Tatu, fomu isiyo na sahihi ya mgonjwa au ya mganga, au isiyo na tarehe.

Nne, jina na uanachama. Mtu anayeitwa jina moja katika daftari la chama na jingine katika kitambulisho cha Taifa hujitafutia usumbufu. Kadhalika, mchango ukichelewa kadi hukoma kufanya kazi.

Kasoro hii ya nne ni kazi ya Katibu. Na alinganishe daftari na vitambulisho kabla ya kupeleka majina, awasilishe michango mapema, na atunze stakabadhi zote katika jalada moja.

Mwanachama naye asitie sahihi katika fomu tupu. Na asome kwanza, au asomewe, kama dawa na vipimo vilivyoandikwa ndivyo alivyopata. Kumwazima jirani kadi ni udanganyifu, hata kama nia ni njema, kwani maradhi ya mtu mmoja huandikwa kwa jina la mwingine.

Dai likikatwa, mgonjwa asidaiwe kwa kosa la maandishi ya kituo. Katibu na amwone mganga mfawidhi, waisome pamoja sababu iliyotajwa na Mfuko, na kituo kisahihishe dai na kuomba lipitiwe upya. Yakishindikana hapo, jambo lipelekwe kwa maandishi ofisi ya Mfuko ya mkoa, Kigoma, likiambatishwa na nakala za fomu.

Ushirika ni kulindana. Fomu moja iliyojazwa sawasawa ni dawa katika kabati la zahanati yetu.