Giaboksi Hairudishwi kwa Nguvu

Kuunga upya giaboksi ya gia za mkono nyumbani kunawezekana, ila kunadai subira. Kipande kikigoma kuingia, kuna sababu. Itafute kabla ya kushika nyundo.

Anzia mezani. Osha vipande, vikaushe, kisha vipange kwa mfuatano uliotumia kuvitoa. Kila pete ya sinkronaiza irudi kwenye gia yake. Ikandamize juu ya gia hiyo: lazima ubaki mwanya kati ya meno ya pete na meno ya gia. Mwanya ukiisha, pete imelika, badilisha. Weka sili mpya, na vaa miwani unaporudisha klipu, kwa kuwa huruka kwa kasi.

Usisahau vipini vidogo vinavyozuia gia mbili kuingia kwa pamoja. Kimoja kikikosekana, giaboksi inaweza kujifunga. Kwa hiyo, kabla ya kufunga kava, zungusha shafti kwa mkono na uingize gia zote, moja baada ya nyingine, pamoja na rivasi.

Kabla ya kuingia chini ya gari, toa waya hasi wa betri, weka kabari kwenye magurudumu na ulitegemeze gari kwa stendi za chuma juu ya sakafu ngumu iliyo sawa. Jeki ni ya kuinulia tu. Usilale chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Vumbi la klachi lifute kwa kitambaa chenye maji, usilipulize, maana klachi za zamani huweza kuwa na asbesto.

Pleti ya klachi ikae katikati kabisa. Giaboksi ya gari dogo huweza kufika kilo 40, hivyo ifunge vizuri juu ya jeki na uwe na msaidizi. Isukume mpaka iguse injini pande zote. Ikibakiza nafasi, usiivute kwa bolti: utapasua masikio ya alumini au kupinda pleti. Ingiza gia, zungusha kidogo shafti ya kutokea ili meno yakutane, kisha sukuma tena. Usiiache ining'inie kwa shafti.

Kaza bolti kwa kipimo cha kitabu cha gari lako, kisha jaza oili iliyotajwa humo. Panapotakiwa oili ya daraja la GL-4, usiweke ya GL-5 ovyo. Baadhi ya oili za GL-5 hushambulia pete za shaba. Mwisho, injini ikiwa imezimwa, kanyaga klachi na upitie gia zote kabla ya kushusha gari.