Ulimi Hautambui Aseniki: Afya ya Asili katika Ukanda wa Dhahabu

Muhogo mchungu ni chakula cha asili, na ukiliwa mbichi unaweza kuua. Wakulima wa Geita na Sengerema hawahitaji darasa kulijua hilo. Huumenya, wakauanika kidogo, wakaurundika na kuufunika kwa siku kadhaa mpaka ulainike na kuota ukungu, kisha wakaukwangua, wakauponda na kuuanika tena hadi ukauke. Huo ndio udaga unaosagwa ukatoa unga wa ugali. Ndani ya lundo lile kuna kemia kamili. Muhogo una kemikali iitwayo linamarini. Nyama ya muhogo inapolainika, kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa na linamarini huifikia na kuivunja, sianidi hutoka, na kwa kuwa sianidi hiyo hugeuka hewa upesi, jua na upepo huiondoa.

Utaratibu huo ukikatizwa, watu huumia. Mwaka 1985, wakati wa ukame, ugonjwa wa konzo ulizuka wilayani Tarime, mkoani Mara. Konzo hupooza miguu ghafla, na ulemavu wake hauponi. Watafiti waliofuatilia mkasa huo walikuta kwamba njaa ilizilazimu familia kufupisha siku za kuandaa muhogo, huku vyakula vya protini vikiwa haba. Mwili hutumia salfa inayotoka kwenye protini kuvunja makali ya sianidi. Protini ikipungua, kinga hiyo nayo hupungua.

Siku hizi neno "asili" limegeuzwa kuwa cheti cha usalama. Linabandikwa kwenye chupa za dawa, kwenye unga na hata kwenye maji. Wazee wa Kanda ya Ziwa hawakufikiri hivyo. Walijua asili ina chakula na ina sumu, na walikuwa na kipimo chao: ulimi ukionja uchungu, kazi ya kuondoa sumu inaanza. Shida ya leo, hasa kwa anayeishi Shinyanga na katika ukanda wa dhahabu wa Geita, ni kwamba sumu kubwa za ardhi hii hazina uchungu, hazina rangi, wala hazina harufu.

Maji safi machoni

Dhahabu ya Geita imo katika miamba ya kale sana, iliyofanyika zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu iliyopita. Mara nyingi hufuatana na madini ya salfa yenye chuma na aseniki. Mwamba ukiwa umelala chini, aseniki hutoka polepole. Ukichimbwa, ukasagwa kwenye karasha na mabaki yake yakaachwa juani na kwenye mvua, hewa na maji huufikia kwa urahisi zaidi na aseniki huachiwa. Uchunguzi wa maji katika maeneo ya migodi ya Kanda ya Ziwa umekuta baadhi ya vyanzo vina aseniki inayozidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 0.01 kwa lita. Anayeinywa kwa miaka mingi huweza kupata madoa na ugumu wa ngozi viganjani na nyayoni, na hatari ya saratani ya ngozi, ya mapafu na ya kibofu huongezeka.

Kusini mwake, Shinyanga ina tatizo lake. Mkoa huo umo katika orodha ya mikoa ya Tanzania yenye floridi nyingi katika maji ya ardhini, pamoja na Arusha, Manyara, Kilimanjaro na Singida. Kiwango kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita. Floridi ikizidi wakati meno ya mtoto yanaumbika, yaani katika miaka minane hivi ya mwanzo, meno huota na madoa ya kahawia yasiyosuguliwa yakatoka. Ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa nayo hukakamaa.

Hapa ndipo ushauri wa "kunywa maji mengi" unapohitaji nyongeza. Katika joto la Shinyanga, mtu anayelima au kuchimba anaweza kutoa jasho la lita moja kwa saa, na ni lazima alirudishe. Akinywa lita tano kwa siku badala ya mbili, kiasi cha floridi au aseniki kinachoingia mwilini nacho huzidi mara mbili na nusu, hata kama kisima ni kilekile. Kadiri mtu anavyohitaji maji zaidi, ndivyo ubora wa maji hayo unavyozidi kuwa muhimu.

Kuchemsha nako kuna mipaka yake. Moto huua vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo, na kwa hilo usiache kuchemsha. Lakini floridi na aseniki haziungui. Chukua sufuria ya lita nne za maji yenye miligramu tatu za floridi kwa kila lita, uyachemshe mpaka zibaki lita tatu: sasa kila lita ina miligramu nne. Maji yamepungua, floridi imebaki yote.

Ndiyo maana mradi wa maji wa Ziwa Victoria umekuwa tiba kubwa ya umma katika mkoa huu. Maji huvutwa Ihelele, wilayani Misungwi, yakasafishwa na kusafirishwa kwa bomba hadi Shinyanga na Kahama chini ya mamlaka ya KASHWASA. Mradi ulizinduliwa mwaka 2009, na baadaye bomba likaendelezwa hadi Nzega, Igunga na Tabora. Kwa familia iliyotegemea kisima chenye floridi, bomba hilo lina faida ambayo hakuna mzizi uwezao kuitoa. Palipo mbali na bomba, maji ya mvua ni msaada mkubwa, maana hayajapita kwenye mwamba. Mvua ya kwanza iachwe ioshe paa, na paa lisiwe jirani na karasha au mahali wachimbaji wanapochoma zebaki.

Pemba na magadi

Mwaka 2014 watafiti wakiongozwa na Elias Nyanza wa Bugando, Mwanza, walichapisha utafiti juu ya wajawazito wanaokula udongo katika maeneo ya wachimbaji wadogo wilayani Geita. Kati ya wanawake 340 waliohojiwa, 155 walikuwa wakila udongo, karibu nusu. Wengi wao walinunua dukani udongo wa kuliwa uitwao pemba, na wengi walikula mara mbili au tatu kwa siku. Udongo uliopimwa ulikutwa na madini kadhaa, aseniki ikiwemo.

Hamu hiyo haitokani na ujinga. Mara nyingi huambatana na upungufu wa damu, hali iliyo ya kawaida kwa wajawazito. Ubaya ni kwamba udongo wa mfinyanzi huweza kuyanasa madini ya chuma tumboni na kuzuia yasifyonzwe, hivyo upungufu ukaendelea. Na katika ardhi yenye dhahabu, kila kipande kinaweza kuwa na sumu ndani yake. Mjamzito anayetamani pemba asikaripiwe. Apelekwe kliniki, damu yake ipimwe, apewe vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi.

Jikoni kuna magadi. Hutiwa kwenye mlenda, kwenye kunde na kwenye maharage ili vilainike upesi na kuni zipungue. Yanatoka kwenye ardhi na maziwa ya chumvi, na baadhi yake yana floridi nyingi mno. Katika miaka ya 1990 watafiti wa afya ya kinywa nchini Tanzania walionyesha uhusiano kati ya magadi na meno yenye madoa, hata kwa watoto wa maeneo ambayo maji yake yana floridi kidogo. Dawa yake ni nyepesi: loweka maharage usiku kucha, umwage maji ya kwanza, kisha uyachemshe bila magadi. Mlenda ukipikwa kwa moto wa wastani hulainika wenyewe.

Sahani ya Kisukuma

Pamoja na tahadhari hizo, ardhi hii inalisha vizuri, na chakula chake cha zamani kina sababu za kisayansi za kuheshimiwa. Ugali wa mtama huyeyuka polepole tumboni na una nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe iliyokobolewa. Mtama una kemikali zinazoshikilia madini ya chuma, lakini ukiloweshwa na kuchachushwa, kama inavyofanywa kwa togwa, vizuizi hivyo hupungua. Kunywa chai saa moja au zaidi baada ya chakula, maana majani ya chai nayo hushikilia chuma. Ubuyu, wenye vitamini C nyingi kuliko chungwa, husaidia chuma cha mboga kufyonzwa.

Mlenda, mgagani, majani ya kunde na matembele yana folati. Ini huhitaji folati na protini ili kuibadilisha aseniki iwe katika hali inayotoka kwa urahisi kupitia mkojo. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao na maziwa ya mgando hutoa kalsiamu, ambayo hupunguza kiasi cha floridi kinachofyonzwa. Dagaa wana faida nyingine: zebaki hujilimbikiza zaidi kwa samaki wakubwa wanaokula samaki wenzao, kama sangara, kuliko kwa samaki wadogo. Sahani hiyo haifuti sumu, ila mwili uliolishwa vizuri huihimili kuliko mwili wenye njaa.

Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, vimewavusha Wasukuma vipindi virefu vya kiangazi. Viazi vyeupe vina vitamini A kidogo sana. Viazi lishe vya rangi ya chungwa, vilivyosambazwa Kanda ya Ziwa na mradi wa Marando Bora, vina nyingi. Wanaokausha viazi hivyo, au mboga za majani ziitwazo nsansa, wakitumia kivuli chenye upepo badala ya jua kali, hubaki na sehemu kubwa zaidi ya vitamini hiyo. Mboga za kuota zenyewe zisichumwe kwenye shamba la pamba lililopigwa dawa, wala kando ya mwalo wa kuoshea dhahabu.

Mitishamba na mwitu wake

Katikati ya miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa karibu kuwa jangwa, baada ya miongo ya kufyeka mwitu ili kuangamiza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliofufua desturi ya Kisukuma ya ngitili, yaani kutenga eneo la malisho lipumzike. Kutoka hekta 600 hivi zilizokuwa zimebaki, ngitili zilivuka hekta 300,000 kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2002 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Pamoja na nyasi na kuni, miti ya dawa ilirudi. Anayependa tiba asili ana wajibu wa kwanza wa kulinda ngitili.

Mitishamba ina kemikali za kweli, ndiyo maana huponya na ndiyo maana hudhuru. Mwambie daktari unachokunywa, hasa ukiwa mjamzito au unatumia dawa za shinikizo la damu, kisukari au VVU. Nunua kwa mganga aliyesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2002.

Zebaki haiondolewi kwa mizizi. Mchimbaji anapochoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu, mvuke hupita mapafuni, na karibu asilimia 80 ya mvuke uliovutwa hubaki mwilini, ukielekea kwenye ubongo na figo. Maziwa anayokunywa jioni akidhani yanamsafisha huenda tumboni. Yanamlisha vizuri, lakini hayafiki mapafuni na hayaoshi chochote huko. Anayetetemeka mikono au kusahausahau aende hospitali, asiende kwa muuza "dawa ya kusafisha damu". Kinga iko kabla ya mvuke: chombo kilichofungwa cha kuunasa, kuchomea mbali na nyumba, na mama na watoto kukaa mbali kabisa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki mwaka 2020. Utekelezaji wake uanzie kwenye mialo.

Basi, msomaji, endelea na mtama wako, mlenda, ubuyu na togwa. Halafu fanya jambo moja ambalo wazee hawakuwa na uwezo wa kulifanya: kwenye mkutano ujao wa kijiji, ombeni kwa pamoja majibu ya vipimo vya aseniki na floridi vya kila kisima mnachokitumia. Kazi ya maji vijijini ni ya RUWASA, na majibu hayo ni haki yenu. Kisima ambacho hakijapimwa kisihesabiwe kuwa salama, hata maji yake yawe matamu namna gani.