Pikipiki Iliyokwisha Tumika: Sikiliza Kabla ya Kufungua Injini

Siku hizi pikipiki ni chombo cha shamba kama jembe na debe la maziwa. Asubuhi hupeleka maziwa kwenye kituo cha kupozea, mchana huleta mbolea na dawa ya kupe, na usiku humpeleka mgonjwa hospitali. Lakini wakulima wengi hawanunui pikipiki mpya. Hununua ile iliyokwisha tumika, mara nyingi kwa mwendeshaji wa bodaboda aliyeitumia kutwa kwa miaka miwili au mitatu, pengine akichukua abiria wawili na gunia juu yao. Si vibaya kununua hivyo, maana bei hupungua sana. Ila yafaa mnunuzi aelewe mambo mawili yanayowapotezea watu fedha kuliko mengine: gia zinazokataa kuingia, na kelele za injini.

Tutoe mfano. Mkulima mmoja wa Nyandarua, mtu wa ng'ombe wanne wa maziwa, alinunua pikipiki ya namna hiyo ili asipoteze maziwa ya jioni. Baada ya miezi miwili gia zikawa ngumu, zikiingia kwa kishindo, na akisimama hapati gia huru, ile mafundi waiitayo "fri". Tena chini kulikuwa na kelele ya kugonga, hasa akipunguza mwendo. Fundi wa kwanza hakuipanda wala hakuigusa. Alisikiliza kidogo akasema kisanduku cha gia kimekufa, lazima injini ipasuliwe yote. Gharama aliyotaja ingemlazimu mkulima kuuza mtamba. Kwa bahati njema alikwenda kwanza kwa fundi wa pili, mzee mmoja mwenye duka dogo kando ya soko. Mzee huyo alikaza kebo ya klachi, akavuta cheni iliyolegea, akamwaga oili ya motakaa aliyokuwa ametia mwenye pikipiki wa kwanza, akatia ile ipasayo. Kazi ilikwisha kabla ya adhuhuri. Mtamba bado yu zizini.

Sasa tueleze mzee yule alijuaje.

GIA NGUMU: KWANZA ZIMA INJINI

Jambo la kwanza ni kutafuta kama ubaya uko katika gia zenyewe au katika klachi. Weka pikipiki kwenye stendi ya kati ili gurudumu la nyuma liwe hewani, kisha zima injini. Kwa mkono mmoja zungusha gurudumu polepole mbele na nyuma, na kwa mkono mwingine sogeza pedali ya gia. Usisahau kuzungusha gurudumu. Gia za pikipiki hushikana kwa meno ya pembeni, na kama meno hayajakutana na nafasi zake, gia haiwezi kuingia hata kama pikipiki ni mpya kabisa. Watu wengi wameona pedali imekataa pikipiki ikiwa imesimama, wakafikiri imevunjika.

Ikiwa gia zote zaingia vizuri injini ikiwa imezimwa, lakini zakataa au zapiga kishindo injini ikiwa inanguruma, basi gia ni nzima. Mkosaji ni klachi, ambayo haiachii sawasawa. Hata ukivuta mkono wa klachi mpaka mwisho, injini bado inaburuta gia, nazo hugombana. Ndiyo sababu pia "fri" haipatikani ukisimama, lakini ukizima injini yapatikana mara moja.

Tazama basi kebo ya klachi. Mkono wa klachi uwe na mchezo mdogo kabla haujaanza kuvuta: katika pikipiki nyingi ndogo, ncha ya mkono huo hucheza kiasi cha milimita 10 hadi 20. Mchezo ukizidi, klachi haiachii, na gia huwa ngumu. Mchezo ukikosekana kabisa, klachi haishiki, na hapo injini hupiga kelele nyingi lakini pikipiki haipandi mlima. Hayo ni magonjwa mawili yaliyo kinyume, na wengine hulitibu moja kwa dawa ya lingine. Tazama pia ncha za kebo kama nyuzi zake zimeanza kukatika. Kisha geuza usukani kushoto na kulia injini ikinguruma katika "fri". Kama mchezo wa mkono wa klachi wabadilika, kebo imepitishwa vibaya na inavutwa na usukani.

Kama kebo ni nzuri na gia bado zagoma, huenda sahani za klachi zimepinda kwa joto au zimekwisha. Kazi hiyo si ya kuogopa. Katika pikipiki nyingi mfuniko wa upande mmoja hufunguliwa, sahani hubadilishwa, na injini haitolewi mahali pake.

Neno juu ya oili. Katika pikipiki nyingi za injini ya mipigo minne, oili moja hufanya kazi tatu: hulainisha injini, hulainisha gia, na klachi huogelea ndani yake. Baadhi ya oili za motakaa zimetiwa dawa ya kupunguza msuguano ili gari litumie petroli kidogo. Dawa hiyo njema kwa gari huifanya klachi ya pikipiki iteleze. Tafuta chombo chenye herufi JASO MA, na unene ule ulioandikwa katika kitabu cha pikipiki yako. Injini nyingi za ukubwa wa 100 hadi 150 huchukua oili karibu lita moja tu, kwa hiyo ukikosa robo lita umekosa sehemu kubwa. Pima kila juma, pikipiki ikiwa imesimama wima.

IKIWA GIA NI NGUMU HATA INJINI IMEZIMWA

Hapo usikimbilie ndani bado. Pikipiki ya bodaboda huanguka mara nyingi, na ikianguka upande wa pedali, pedali hupinda ikagusa mfuniko wa injini, au fimbo yake ndogo hujikunja. Shika pedali uitikise. Kama yacheza kwenye meno ya shina lake, bolti imelegea au meno yamelika. Kama ukikanyaga pedali hairudi juu yenyewe, yumkini springi yake imekatika. Springi hiyo ni ya bei ndogo, na katika pikipiki nyingi hufikiwa bila kupasua injini.

Lakini gia ikiruka yenyewe wakati wa kupanda mlima ikiwa na mzigo, yaani ulikuwa katika ya pili na ghafla injini ikalia na nguvu ikapotea, hilo ni jambo jingine. Maana yake mara nyingi ni kwamba meno ya pembeni yameviringika, au uma zinazosukuma gia zimepinda. Kufika huko hapana budi injini itolewe na kupasuliwa nusu mbili. Muuzaji atakuambia, "Huo ni mtindo wake tu, utauzoea." Hakuna mtindo wa namna hiyo. Kama unaipenda pikipiki, toa gharama ya kazi hiyo katika bei kabla ya kulipa, au iache.

KELELE ZA INJINI

Jaribu injini ikiwa baridi. Ukifika kwa muuzaji, weka kiganja karibu na silinda kabla ya neno lolote. Kama ina joto, ameiwasha mapema, na huenda ana sababu. Mwambie kwa upole utarudi kesho asubuhi. Wengine pia hutia oili nzito mno ili kelele ijifiche kwa siku chache. Ukichovya kijiti cha oili ukaona inadondoka kama asali, uliza.

Ili ujue kelele inatoka wapi, chukua bisibisi ndefu yenye mpini wa mti. Weka ncha yake juu ya chuma cha injini, na mpini karibu na sikio. Sogeza ncha mahali hadi mahali. Kelele itakuwa kubwa pale inapozaliwa. Jihadhari na bomba la moshi, na usiwe na shuka wala mkufu unaoning'inia karibu na cheni au gurudumu.

Mlio mwepesi juu ya kichwa cha silinda, tik tik tik, unaokwenda mbio injini ikienda mbio, kwa kawaida ni valvu zenye nafasi iliyozidi. Fundi huzipima injini ikiwa baridi kabisa, kwa vipande vyembamba vya chuma. Pikipiki nyingi ndogo hutaka nafasi ya kati ya milimita 0.05 na 0.10, na kitabu chake kitasema hasa. Usimwambie fundi akaze mpaka kelele iishe yote. Valvu iliyokazwa mno haipigi kelele, lakini haifungi, nayo huungua kimya kimya, na asubuhi moja pikipiki hukataa kuwaka. Mlio mdogo wa valvu ni afadhali kuliko ukimya huo.

Mlio unaofanana na huo karibu na mahali bomba la moshi linapoingia kwenye kichwa waweza kuwa gaskiti iliyotoboka. Utaona masizi meusi hapo. Hiyo ni kazi ndogo.

Sauti ya kukwaruza kama mnyororo ndani ya kopo, upande mmoja wa silinda, ni cheni ya taimingi iliyolegea au kikazio chake kilichochoka. Usiiache muda mrefu. Cheni hiyo ikiruka meno, katika injini nyingi pistoni hugonga valvu, na kazi ndogo yageuka kubwa.

Kelele ya kugonga ukiwa baridi, inayopungua injini ikipata joto, mara nyingi ni pistoni inayocheza ndani ya silinda iliyolika. Pikipiki hiyo yaweza kufanya kazi miezi mingi bado, ila itakula oili. Tazama moshi: wa samawati unapoongeza mwendo ni oili inayopita kwenye ringi. Wa samawati unapowasha tu kisha ukatoweka, ni sili za valvu. Mweusi ni petroli nyingi au chujio la hewa lililojaa vumbi, na chujio huharibika upesi katika barabara zetu za murram.

Kelele ya kuogopwa ni ile nzito ya chini, dung dung dung, inayosikika zaidi injini ikibeba mzigo, wala haipungui ikipata joto. Hiyo ni beringi ya konrodi. Hapana oili wala dawa ya chupa itakayoiponya. Ukiendelea kuipanda, konrodi yaweza kukatika na kutoboa injini yenyewe, pengine ukiwa mteremkoni na madebe mawili ya maziwa nyuma, na gurudumu la nyuma likafunga. Pikipiki yenye sauti hiyo isukumwe mpaka kwa fundi, isipandwe. Fundi akiinua silinda, mwambie akuonyeshe: ashike konrodi aivute juu na kuisukuma chini. Kucheza kidogo pembeni ni kawaida, lakini juu na chini isicheze hata kidogo.

Kuna kelele moja zaidi ambayo huwapotosha hata mafundi. Ni kama kokoto zinazogongana ndani ya chupa, ukipanda mlima katika gia ya juu, nayo huisha ukishuka gia. Hapo petroli inalipuka kabla ya wakati wake. Sababu yaweza kuwa injini yenye joto jingi, makaa juu ya pistoni, au petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Uchanganyaji huo ulikuwa umeenea hata mwaka 2018 Serikali ikatoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili faida yake ipungue. Kabla ya kufungua chochote, nunua petroli katika kituo kingine, maliza tangi moja, usikilize tena.

Na usisahau cheni ya gurudumu. Ikilegea hupiga mfuniko wake na mkono wa nyuma, na mtu aliye juu ya kiti hudhani ni injini. Katikati yake, chini, ipande na kushuka kiasi cha milimita 20 hadi 30. Zungusha gurudumu upime mahali kadha, maana cheni iliyochakaa hukaza hapa ikalegea pale. Hiyo haiponi kwa kukazwa. Ibadilishwe pamoja na magurudumu yake ya meno, yote mawili.

OILI ILIYOMWAGWA HUSEMA KWELI

Ukimaliza kusikiliza, omba muuzaji akuruhusu kumwaga oili katika karai safi, wewe ukilipa oili mpya. Akikataa, umejifunza kitu. Pitisha sumaku ndani ya oili hiyo. Tope laini la kijivu juu ya sumaku ni la kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole ni meno ya gia au beringi. Chembe zinazong'aa lakini hazishikwi na sumaku hutoka kwenye pistoni au chuma kingine chepesi.

Kisha ipande mwenyewe, mlimani, ukiwa na mtu nyuma, upite gia zote kwenda juu na kurudi. Linganisha nambari ya chesisi na ya injini na zile zilizo katika hati ya usajili kabla ya kutoa fedha, na umiliki uhamishwe kwa jina lako.

Siku ukimwachia fundi kazi kubwa, patana naye tangu mwanzo kwamba kila kipande kitakachotolewa utakabidhiwa mkononi, hata kama ni kichafu na kimevunjika. Vitie katika mfuko, uende navyo dukani ukinunua vipya, uvilinganishe kimoja kimoja juu ya kaunta.