Molibdeni na Siri ya Kinundu cha Kunde

Mwanafunzi aung'oapo mche wa kunde kwa uangalifu atakuta mizizini vinundu vidogo, na akikipasua kimoja kilicho hai ataona ndani wekundu hafifu. Humo huishi bakteria wanaoigeuza nitrojeni ya hewa kuwa amonia. Kiwanda cha mbolea huifanya kazi hiyo hiyo kwa joto la nyuzi 400 hadi 500 za Sentigredi, na kwa kanieneo lizidilo lile la hewa mara 150 au zaidi. Bakteria huifanya katika joto la udongo wa shamba.

Ugumu umo katika molekuli ya nitrojeni yenyewe, kwani atomu zake mbili zimeshikamana kwa vifungo vitatu. Kimeng'enya cha bakteria, nitrojenasi, kina ndani yake fundo la atomu 7 za chuma, 9 za salfa, 1 ya molibdeni na 1 ya kaboni. Umbo la fundo hilo lilielezwa mwaka 1992, lakini kaboni iliyojificha katikati haikutambuliwa hadi 2011. Chuma na molibdeni ni metali za mpito: huweza kupokea na kutoa elektroni moja baada ya nyingine, na hivyo vifungo hulegezwa hatua kwa hatua. Isidhaniwe kwamba bakteria hupata amonia bure. Kila molekuli ya nitrojeni huwagharimu molekuli zisizopungua 16 za ATP, ambayo hubeba nishati ya seli.

Mwaka 1965, huko Toronto, Allen na Senoff walipata, bila kukusudia, kampaundi ambamo nitrojeni imeshikwa na metali ya rutheni. Lakini kushika si kugeuza. Miaka 38 ilipita kabla Yandulov na Schrock, nchini Marekani, hawajaonyesha kwamba atomu ya molibdeni iliyozungushiwa ngome ya molekuli kubwa huweza kuwa kichocheo cha kutengeneza amonia katika joto la chumba. Kila atomu ilitoa molekuli zipatazo 8 tu, kisha kichocheo kikaharibika.

Mwaka 2019 kundi la Nishibayashi, Tokyo, lilifikia molekuli 4,350, hidrojeni ikitoka katika maji. Hata hivyo elektroni zilitolewa na iodidi ya samari, kampaundi ghali, ambayo molekuli zake 3 hutumika kwa kila molekuli moja ya amonia. Kwa bei hiyo hakuna mkulima atakayenunua mbolea. Ndiyo maana watafiti sasa wanajaribu kuzipata elektroni hizo kutoka kwenye umeme. Bakteria wa kunde huzipata katika sukari iliyotengenezwa na majani.