Funguo za Nyumba Zilizosahauliwa Dukani

Katika miji ya Kasulu na Kibondo, na katika vijiji vya Waha vilivyoizunguka, si ajabu simu moja kutumiwa na nyumba nzima. Mama huongelea, mtoto hutazamia matokeo ya mtihani, na shemeji aliyekuja kusalimu naye huiazima. Hatuilaumu desturi hii. Kuazimana ni katika ujirani mwema. Lakini twapenda wasomaji wetu wafahamu habari ya kivinjari, yaani programu itumiwayo kufungulia kurasa za intaneti, kwani kumbukumbu yake yaweza kuwa kubwa kuliko ya mwenye simu.

Vivinjari kama Chrome na Firefox vina kazi iitwayo usawazishaji. Mtu akiuwasha, maneno yake ya siri na habari za kurasa alizozitembelea hupelekwa katika kila chombo alichoingilia kwa akaunti ile. Faida yake hapana shaka ni kubwa: simu ikitumbukia katika mto Malagarasi, mwenyewe hununua nyingine, akaingia, akayakuta mambo yake kama alivyoyaacha.

Hatari nayo hupitia mlango huo huo. Tuchukue mfano wa kijana wa Kibondo atakaye kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Huenda kwenye duka la steshenari, akaingia kwa akaunti yake katika kompyuta ya dukani, akakubali usawazishaji kivinjari kilipomwuliza, akajaza fomu, akalipa, akaenda zake. Tangu saa ile maneno ya siri aliyoyahifadhi katika simu yake yamo dukani, na neno jipya atakalolihifadhi jioni litafuata. Mwenye duka aweza kuwa mwaminifu kabisa; je, na wote watakaoketi mbele ya kompyuta ile baada yake?

Atumiaye kompyuta ya watu yampasa afungue dirisha la hali fiche, na kulifunga amalizapo. Aliyekwisha kusahau hana haja ya kupanda gari kurudi mjini. Afungue katika simu yake ukurasa wa usalama wa akaunti, atazame orodha ya vyombo, akiondoe kile cha dukani, kisha abadili neno la siri la akaunti. Ayabadili na yale mengine aliyoyahifadhi, akianza na ya fedha, maana kumfukuza mgeni hakumnyang’anyi alichokwisha kukisoma.

Firefox huzifumba habari hizi kabla hazijatoka katika simu, hata Mozilla wenyewe wasiweze kuzisoma. Katika Chrome, mwenye akaunti aweza kujiwekea neno la pekee la usawazishaji ili Google nao wasizisome. Akilisahau, Google hawawezi kumrudishia; itambidi azifute habari zilizohifadhiwa kwao na kuanza upya. Basi aliandike katika karatasi, na karatasi hiyo aifungie sandukuni pamoja na hati za shamba.